Kompyuta Inayopona Ikifika kwa Fundi

Mwezi wa saba mwaka jana, msimu wa maombi ya mkopo wa chuo, mama mmoja alikuwa amekaa pembeni yangu steshenari, hapa Ngamiani, mwanawe kasimama nyuma kashika bahasha ya vyeti. Malipo tumeshafanya, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA tumeshakipandisha, tumefika kwenye taarifa za mdhamini. Kompyuta ikazima. Hakuna onyo wala ujumbe. Feni ilinyamaza, baada ya pumzi mbili ikajiwasha yenyewe kama vile hakijatokea kitu.

"Mwanangu," mama akaniuliza taratibu, "na ile elfu thelathini nayo imezima?"

Haikuzima, maana malipo yalikuwa yameshasomeka kwenye mfumo. Lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni, na hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki moja.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na miezi minne tu. Niliinunua Dar es Salaam, ya mezani, mpya ndani ya boksi, shilingi 1,350,000, waranti miezi 12. Duka silitaji, ugomvi wetu umekwisha, na tabia nitakazozisimulia hawako nazo peke yao. Nikapiga simu. "Tuletee tuiangalie, bosi." Kirahisi hivyo, utadhani Tanga na Dar ni Ngamiani na Chumbageni. Ni kama kilomita 350 hizo, kupitia Segera na Chalinze. Nikaifunga, nikaipeleka stendi ya Kange, nikaiandikisha kama kifurushi kwenye basi.

Siku ya tisa ikarudi na karatasi: imekaguliwa, haina tatizo, Windows imepigwa upya.

Kupiga Windows upya, yaani kuisakinisha tena toka mwanzo, ndiyo Panadol ya mafundi wetu. Kichwa kinauma, tumbo linauma, mguu umevunjika: meza mbili. Na Panadol ile ilinigharimu, kwa sababu sikuwa nimehamisha kitu. Mikataba ya kupangisha niliyoichapa, barua za wateja, mitihani ya shule mbili za msingi, vyote vilikwenda. Fomu yao ilisema wazi kwamba data ni jukumu la mteja, sikuisoma. Usitoe mashine mkononi mwako kabla ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje au flashi, hata kama umeambiwa "tunaangalia feni tu". Na toa nywila zako kwenye kivinjari, maana hujui nani atakaa mbele yake.

Kesho yake saa nne asubuhi, ikazima.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakikosea. Nilikuwa napeleka malalamiko, nao walikuwa wanatafuta tatizo. Kompyuta iliyokufa kabisa haina ubishi: unabonyeza, haiwaki, wanabadilisha. Hii ya kuzima mara moja kwa siku ni kama mtoto anayelia homa usiku kucha, ukimfikisha hospitali anakimbizana na wenzake kwenye benchi. Kwao waliiwasha ikashinda kutwa ikionyesha picha ya mlima. Kwangu inafungua mfumo wa maombi, inaskani, inaprinti, huku joto la Tanga limekaa juu ya meza. Kompyuta isiyo na kazi inakula umeme kidogo sana. Ukiibebesha kazi ndipo sehemu dhaifu inapojitaja.

Nikanunua kaunta buku. Kila ikizima, kabla sijamwomba mteja radhi, naandika. Nakili moja kama ilivyo:

"Jumatano, saa 5:40 asubuhi. Naprinti mtihani kurasa 30, printa imetoka kulala. Sipiyu imezima, monita imebaki na mwanga. Imejiwasha baada ya sekunde kama 3. Hakuna skrini ya bluu. Umeme wa duka haukukatika, redio inaimba."

(Skrini ya bluu ni ile Windows inayoonyesha inapokwama kwa kosa.) Hiyo redio inaimba naipenda mpaka leo. Ilikuja kunisaidia kuliko nilivyodhani, kwa sababu nilipopiga simu ya pili jibu lilikuwa moja: "Umeme wako huo, bosi. Tanga huko umeme wenu mdogo."

Na hapa niseme ukweli ambao ulinichukua muda kuukubali: nusu yake walikuwa sahihi. Ndani ya wiki tatu niliandika mara 14. Mara 11 kati ya hizo, printa ndiyo kwanza inaamka. Printa ya leza ina sehemu inayopashwa moto ili wino wa unga ushike kwenye karatasi, na inapoanza kupasha inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Mimi nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni moja na kompyuta, na ekstensheni yenyewe ya bei ya kutupa. Kila printa ikiamka, umeme kwenye ile ekstensheni unazama kidogo. Ukiona taa inafifia printa inapoanza, ndiyo hiyo. Nikaihamishia printa kwenye soketi yake ya ukutani. (Usiichomeke printa ya leza kwenye UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba, ukidhani unaisaidia, utaiua UPS.)

Kuzima kulipungua. Hakukwisha.

Zile mara tatu nyingine, ambazo printa ilikuwa imelala usingizi wake, ndizo zilizoniokoa. Nikaazima UPS kwa jirani mwenye duka la simu, nikachomeka sipiyu na monita tu, nikachomoa UPS ukutani ili vyote viwili vitumie betri peke yake. Nikafungua video mbili na kurasa kumi na kitu za mtandao, simu ya mkononi inarekodi. Dakika ya saba sipiyu ikazima. Monita, iliyokuwa kwenye UPS hiyohiyo, haikupepesa hata jicho. Sasa huyo Tanesco kaingilia wapi? Mshukiwa akabaki ndani ya sipiyu: pawa sapulai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme.

Ukiwa na kompyuta ya namna hii, jifunze pia kusoma daftari lake yenyewe. Windows ina sehemu inaitwa Event Viewer, unaiandika tu kwenye kisanduku cha kutafutia. Kila ikizima ghafla, ikiwaka tena inaandika tukio la Kernel-Power, namba 41, na tarehe na saa. Usije ukaenda nalo kifua mbele ukasema "pawa sapulai imekufa, angalia hapa". Mimi nilifanya hivyo kwenye simu na fundi akacheka, kwa haki. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuagwa. Haisemi nani kaizima. Hata ukichomoa waya kwa mguu itaandika hivyohivyo. Thamani yake ni kwamba saa zile zimeandikwa na mashine, na zikilingana na kaunta buku lako hakuna wa kukwambia unabuni. Ila zikipigwa Windows upya zinafutika zote. Hifadhi orodha ile kwenye flashi kabla hujaituma.

Kama yako inaleta skrini ya bluu, hiyo ni njia nyingine. Piga picha lile neno la chini, MEMORY_MANAGEMENT au lolote lile, kabla halijapotea. Kumbukumbu ya RAM unaweza kuipima kwa kipimo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, au programu ya MemTest86 ukaiacha usiku kucha. RAM isiyo na ubovu haitoi kosa hata moja, kwa hiyo likitokea moja tu umepata kesi. Diski ipime na programu ya CrystalDiskInfo, ikikuandikia tahadhari piga picha na uhamishe mafaili siku hiyohiyo. Yote haya hayahitaji bisibisi.

Bisibisi iweke mbali. Fundi wa mtaani kwetu, kijana mzuri tu, aliniambia "nipe dakika mbili, nasugua RAM kwa raba, chumvi hiyo ya bahari". Na kweli hewa yetu hapa inakula chuma. Sijui ni mashine ngapi Tanga zimefufuliwa kwa raba ya penseli. Lakini kwenye kava kulikuwa na stika ya waranti, na karatasi ya masharti ilisema ikichanika hawaitambui. Kuna kampuni zinaruhusu mteja afungue kuongeza RAM, nyingine haziruhusu. Soma karatasi yako kwanza, fundi aje baadaye.

Safari ya pili niliituma tena kwa basi, nikidhani video itatosha. Walibadilisha RAM. Kwa nini RAM? Kwa sababu kwenye fomu ya mapokezi dada aliyeipokea aliandika kwa niaba yangu "PC haiwaki vizuri", na fundi wa ndani, ambaye video hakuiona, akasoma hayo na kufanya aliloona jepesi. Video yangu ilikuwa imebaki kwenye simu ya mapokezi, katikati ya picha za harusi. Iliporudi ilikaa siku mbili, ikazima tena.

Kwa hiyo maneno ya fomu usimwachie mtu. Mimi sasa naandika mwenyewe, nabandika kwa gundi ya karatasi juu ya kava: "Inazima ghafla bila skrini ya bluu ikiwa na kazi nyingi, kati ya dakika 5 na saa 1. Imetokea pia kwenye UPS, monita ikibaki inawaka. RAM imeshabadilishwa, tatizo limebaki. Tafadhali usipige Windows. Ijaribu kwa pawa sapulai nyingine." Fupi, haina matusi, na fundi hana pa kuanzia zaidi ya pale unapotaka aanzie. Hakikisha pia fomu ina namba ya siriali ya mashine na tarehe uliyoipeleka. Tarehe hizo utazihitaji.

Mara ya tatu nilikwenda nayo mwenyewe. Nilipanda basi Kange alfajiri, boksi nimelipakata mapajani kama kitoto mpaka Segera, pale kondakta aliponihurumia akaniachia kiti cha pili. (Boksi la mwanzo na maboya yake usilitupe. Mke wangu alitaka kulifanyia kuni.) Nilipofika nikaomba jambo moja tu: iwashwe mbele yangu, nami nitakaa.

Nikakaa. Fundi akaipa kazi nilizomwomba, akaendelea na laptopu ya mtu. Nusu saa, hakuna kitu. Saa moja, hakuna kitu. Nilianza kuona aibu, naiombea mashine yangu mwenyewe ife. Fundi akanitazama, nikajua kinachokuja. "Kaka, si unaona?" Nikamwomba anipe muda kidogo, nikaenda kumletea soda. Narudi na chupa mbili mkononi, namkuta kasimama, kainamia meza.

"Imezima," akasema. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na jambo linalomvutia: "Na monita haikuzima."

Kuanzia hapo yule kijana akawa wangu. Aliichana stika mwenyewe, akachomoa pawa sapulai, akafunga nyingine ya kwenye rafu, akaibebesha kazi kuliko hata mimi. Saa mbili na nusu ikasimama imara. Akairudisha ile ya zamani. Dakika kumi na moja, chini. Akaitikisa kidogo karibu na sikio, akaifungua kwa udadisi wake, akanionyesha kapasita moja imevimba kichwani kama andazi. Miezi saba ya maisha ya mashine, mitatu ya ugomvi, kwa kitu cha ukubwa wa kidole.

Meneja akasema sapulai ya aina ile itafika baada ya wiki mbili. Hapa ndipo wengi tunashukuru na kuondoka. Nilikuwa na barua kwenye mfuko: tarehe zote tatu nilizoipeleka, siku ilizokaa kwao, walichofanya kila mara, na ninachoomba. Chini kabisa niliandika "Nakala: Tume ya Ushindani". Tume hiyo, ambayo wengi wanaijua kwa kukamata bidhaa bandia tu, iko chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na sheria hiyo ina sehemu za kumlinda mlaji pia. Nakala sikuwa nimeipeleka. Meneja aliisoma barua mara mbili, akaniuliza kwa upole naishi Tanga sehemu gani.

Niliomba mashine ya kuazima, nikanyimwa. Niliomba siku ilizolala kwao ziongezwe kwenye waranti; hilo nikapewa, kwa maandishi, na muhuri. Ahadi ya simu ni maneno tu. Na ile sapulai ya kwenye rafu, fundi akasema, ina uwezo uleule, kwa nini asiondoke nayo? Meneja akamtazama vibaya. Nikaondoka nayo.

Kitu kimoja karibu kinikwamishe mlangoni: risiti. Waranti yao haitambuliki bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na karatasi zile huchapwa kwa joto, si kwa wino. Yangu nilikuwa nimeitia kwenye pochi, mfuko wa nyuma, jua la Tanga na jasho. Ilikuwa imebaki karatasi nyeupe yenye kivuli cha herufi. Kilichoniokoa ni kwamba nina steshenari. Siku ninanunua niliitoa fotokopi kwa mazoea tu. Toa fotokopi yako leo.

Sasa ni miezi mingi. Printa iko kwenye soketi yake, na kaunta buku lile lilibaki na kurasa nyingi tupu. Naandikia madeni.