Kukaa Nyuma ya Darasa na Daftari: Majibu kwa Wasomaji

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zinahusu jambo moja: kushuhudia darasa likiendelea, na kuandika kinachotokea ili kisaidie kazi.

Shikamooni wahariri. Nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Nimepanga kushuhudia vipindi vinane vya Hisabati, Kidato cha Pili, katika shule moja ya Temeke. Darasa lina wanafunzi 84. Nilijaribu kipindi kimoja nikaandika kurasa sita, lakini msimamizi wangu amezirudisha akisema hizo ni hisia, si data. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi, Chang'ombe*

Marahaba. Bila shaka kurasa zako zina sentensi kama "mwalimu alieleza vizuri" na "wanafunzi walichangamka". Hizo ni hukumu. Mwingine akikaa dawati lile lile, uchangamfu huo anaweza kuuita kelele. Andika kinachoonekana na kinachosikika: "Wanafunzi wanne walinyoosha mikono. Mwalimu alimchagua wa dawati la mbele. Alijibu kwa neno moja." Hukumu ziweke safu ya kulia ya ukurasa, uzirudie jioni.

Kabla ya kuingia darasani, amua swali lako ni lipi, kwa sababu kila swali lina namna yake ya kurekodi.

Kama unataka kujua nani anazungumza na kwa namna gani, utaratibu wa Ned Flanders wa Marekani bado unafaa. Una mafungu 10: saba ya maneno ya mwalimu (kusifu, kuuliza, kueleza, kuamuru na kadhalika), mawili ya maneno ya wanafunzi, na moja la ukimya au vurugu. Unaandika namba ya fungu kila sekunde 3, yaani alama 20 kwa dakika, alama 800 kwa kipindi cha dakika 40. Mkono huchoka, nasi tunashauri urekodi dakika 5, upumzike 5. Mafungu hayo yana mapungufu mawili kwa madarasa yetu. Kwanza, "Ndiyooo!" ya darasa zima huhesabiwa sawa na jibu la mwanafunzi mmoja aliyefikiri; ongeza alama ya pekee kwa kuitikia kwa pamoja, la sivyo utaripoti ushiriki mkubwa ambao haukuwepo. Pili, sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza, lakini mwalimu akiona nyuso zimeduwaa huhamia Kiswahili. Weka herufi K au E kando ya kila namba. Mahali lugha inapobadilika huonyesha palipokuwa pagumu, na huenda hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika utafiti wako.

Hesabu pia sekunde kati ya swali la mwalimu na sauti inayofuata. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi Marekani, aliona walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka.

Kama swali lako ni iwapo wanafunzi wanafanya kazi, usijaribu kuwatazama wote 84. Chagua sita kabla ya kipindi: wawili mbele, wawili katikati, wawili nyuma, wavulana na wasichana sawa. Simu iweke mtetemo kila sekunde 30, si mlio, maana mlio utageuza vichwa vya darasa zima. Ikitetema, inua macho, mtazame mmoja, andika anachofanya sekunde hiyo hiyo, kisha ngoja zamu ya wa pili. Kwa dakika 30 utapata alama 60, kumi kwa kila mmoja. Kumi ni chache mno kumsemea mwanafunzi. Jumlisha vipindi vyote vinane, upate 80.

Hapa wengi huteleza. Wanaweka alama ya "anacheza" ikiwa mchezo umetokea wakati wowote ndani ya zile sekunde 30. Aliyegeuka nyuma sekunde 2 anahesabiwa sawa na aliyecheza muda wote, na mchezo unaonekana mwingi kuliko ulivyo. Ukidai naye awe ametulia sekunde zote 30, utulivu utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Ndiyo maana tunasisitiza mtazamo wa papo hapo.

Mpate mwenzako arekodi nawe angalau vipindi viwili, bila kuchunguliana. Tuseme mmekubaliana mara 54 kati ya 60, yaani asilimia 90, na kila mmoja ameandika "anafanya kazi" mara 48. Msifurahi mapema. Mara 48 kati ya 60 ni 0.8, na zilizobaki ni 0.2; kwa bahati tu mngekubaliana 0.8 × 0.8 + 0.2 × 0.2, yaani 0.68. Kipimo cha kapa cha Cohen huondoa bahati hiyo: (0.90 − 0.68) ÷ (1 − 0.68), karibu 0.69. Hiyo inafaa, ila inawataka mkae mtafute ni wapi mlitofautiana. Mara nyingi ni maana ya maneno: anayenakili kazi ya Jiografia katikati ya Hisabati, anafanya kazi au hafanyi? Amueni kabla, muandike.

Vipindi viwili vya kwanza usivitie kwenye hesabu. Viwe vya kuzoeana, halafu vinane vyako vifuate. Hata hivyo mwalimu anaweza kukuandalia kipindi cha maonyesho. Omba madaftari matano uyafungue: ukikuta mfano wa leo tayari una tarehe ya wiki iliyopita, umejua. Madaftari hayo yatakusaidia na jingine: mtoto anayetazama ubao kwa utulivu huenda haelewi chochote, na macho yako hayawezi kukuambia hilo.

Nina mtoto wa Darasa la Tatu ambaye walimu wote wanamwita msumbufu. Adhabu hazijasaidia. Nimwangalieje ili nijue shida iko wapi?
*Mwalimu, Mbagala*

Mwalimu, neno "msumbufu" liache kwanza nje ya mlango. Taja kitendo kimoja: anaondoka kwenye dawati, au anamchukulia mwenzake penseli. Chora safu nne: saa, kilichotokea kabla, alichofanya, kilichofuata. Jaza kwa siku tano, kila mara kitendo kinapotokea, palepale. Ukingoja mapumziko, kumbukumbu itakuandikia unachokiamini tayari. Kama unafundisha wakati huo, mwombe mwenzako akusaidie kipindi kimoja kwa siku.

Ukishapata matukio 15 hivi, soma safu ya pili na ya nne kwanza. Tuseme mara nyingi anaondoka pale kazi ya kunakili ubaoni inapoanza, na kinachofuata ni kutolewa nje. Basi adhabu yenyewe inampa anachokitaka, kuikwepa kazi, na ndiyo sababu haikomi. Hapo msogeze mbele, mpimishe macho, mpe sentensi mbili za kunakili badala ya kumi, kisha rekodi siku tano nyingine. Ikiwa kinachofuata ni kicheko cha wenzake, dawa ni nyingine: mpe kazi ya kuonekana, kama kugawa madaftari, kabla hajaitafuta hadhira mwenyewe.

Andika pia vipindi alivyotulia. Hivyo ndivyo husahauliwa, na ndivyo vinavyoonyesha anachokiweza.

Je, naweza kurekodi video ya darasa kwa simu kwa ajili ya utafiti wangu?
*Msomaji, Ubungo*

Si kwa ruhusa ya mwalimu peke yake. Barua ya chuo hupitia ofisi ya Mkoa, kisha Halmashauri, ndipo kwa Mkuu wa Shule. Mwalimu akubali kwa maandishi, na wazazi pia, kwa kuwa wanaorekodiwa ni watoto na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Asiye na ridhaa akae upande ambao kamera haifiki, asitolewe darasani. Mara nyingi sauti tupu inatosha. Weka kinasa sauti karibu na mwalimu, mbali na feni, na usiitume faili kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la wanachuo wenzako.