Yule jaji mwanamke wa kesi za Rwanda pale AICC, jumba la mikutano la Arusha

Mkuu, uliuliza jaji mwanamke wa kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, kwenye ile mahakama ya kimataifa hapa Arusha, alikuwa nani. Ni Navanethem Pillay wa Durban, Afrika Kusini, binti wa dereva wa basi. Alifungua ofisi ya uwakili 1967, na enzi hizo za makaburu hakuruhusiwa hata kuingia ofisini kwa jaji!

Kazi yake kubwa, kwangu mimi, ni hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba kule Rwanda, Septemba 1998. Mashtaka ya awali hayakutaja ubakaji kabisa. Shahidi mmoja akaugusia akitoa ushahidi, majaji wakadadisi, hati ya mashtaka ikarekebishwa 1997. Ndipo mahakama ya kimataifa, kwa mara ya kwanza, ikauhesabu ubakaji kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Majaji walikuwa watatu, mwanamke yeye tu. Akawa rais wa mahakama 1999 hadi 2003, kisha akaenda ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague.