Pipa si bani: acha kuongeza kuni

Juzi msomaji mmoja wa Ujiji kaniandikia: "Dada, nimebanika kidari cha ng'ombe tangu asubuhi, nimemaliza mzigo mzima wa kuni, nyama imetoka nyeusi na chungu kama shubiri. Au kuni zilikuwa chache?" Nikacheka. Kisha nikamkumbuka wifi yangu, kicheko kikakata.

Ilikuwa kipaimara cha mwanangu, hapa hapa Tabora, wageni kama arobaini. Wiki nzima nilikuwa natamba kwamba safari hii hakuna mchuzi, ni miguu ya mbuzi ya moshi. Fundi alishanikatia pipa mlango na kunichomelea wavu. Ya chumvi na kitunguu saumu sisimulii, kila mtu ana vyake.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, Urambo. Nimekua nikikesha na baba kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, karibu wiki nzima moto haulali, gogo la mtundu likielekea kuisha unasukuma jingine. Kwa hiyo mbele ya pipa nilijiona profesa. Moshi ukipungua tu, natupia kuni. Nyingine zilikuwa mbichi, za mkaratusi, nimezipasua asubuhi ile ile. Moshi ukawa mweupe, mzito, majirani wakafunga madirisha, mimi moyo kwatu. Nikaziba hadi tundu la hewa, eti moshi usipotee bure!

Saa nane tukapakua. Nyama ilikuwa na utando unaonata vidoleni kama lami. Wifi akang'ata, akakitua kipande pembeni ya sahani, akasema kwa sauti iliyofika hadi turubai la wanaume: "Kumbe tumealikwa kula bani." Watu wakaangua kicheko. Mwaka wa nne huu, bado naisikia.

Usiku naosha masufuria ndipo akili ikanijia. Kwenye bani moshi haugusi jani. Unapita ndani ya mabomba na kutokea kwenye dohani. Tumbaku inapata joto tu. Kwenye pipa nyama inakula moshi wenyewe. Baba alikuwa anachochea joto, mimi nikachochea masizi.

Sasa mdogo wangu, joto litoke kwenye mkaa. Kuni ni kiungo, kama pilipili manga. Kwa mguu wa kilo tatu naweka vipande vitatu vya mpera mkavu, kila kimoja kama ngumi yangu, juu ya mkaa uliokolea. Basi. Nyama hushika moshi zaidi mwanzoni, ingali baridi na yenye majimaji. Ikishakauka juu, kuni unazoongeza ni uchungu tu. Tundu la hewa liache wazi. Moshi mwembamba wa kibuluu, ule wa kuutafuta kwa macho, ndiyo wenyewe. Ukiona mweupe mzito, toa kuni. Ukikata kabisa usibabaike, mkaa unaendelea na kazi, masaa manne hivi. Maranda ya seremala usiguse, yanaweza kuwa na gundi na vanishi.

Na usiongeze kuni. Najua nimeshasema. Nasema tena kwa sababu tunajijua: mkono hautulii, tunaona tusipochochea hatujafanya kazi. Hata watoto tunawalea hivyo hivyo, maneno juu ya maneno, halafu tunashangaa wametoka wachungu. Jamani, weka kuni zako tatu, funga mlango, kaa kwenye kigoda ukachambue mchele!

Jumapili iliyopita wifi alipita bila taarifa, akakuta mguu ndiyo unatoka, mwekundu kama tofali. Alikula amesimama. Mara ya tatu akajikatia mwenyewe, bani hakulitaja, wala samahani sikuisikia. Wakati wa kuondoka akaniuliza kama nina gazeti la kufungia.

Nikampa gazeti na vipande viwili. Mfupa wenye nyama nikaubakiza.