Nimelipia masomo ya kuogelea, lakini naona aibu kuvaa nguo yake

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43. Nimelipia masomo ya kuogelea ya watu wazima, lakini wiki ya tatu sasa naenda na kukaa benchini nikisingizia mafua. Mapaja yangu ni makubwa, na tumboni nina kovu la upasuaji wa zamani. Wifi ananiambia nivae tu fulana na suruali ya kubana. Mume wangu nilimwonyesha picha ya vazi la kuogelea, akaguna. Nivae nini? – Wa Benchini*

Marahaba, mwanangu. Mafua ya wiki 3! Mwalimu wako alishaelewa zamani.

Nianze na wifi, maana nia yake ni njema ila ushauri wake utakuelemea. Fulana ya pamba ikiingia majini hunywa maji ikashiba, ikawa mzigo. Kila ukiinua mkono kupiga maji, unainua na maji yaliyojaa kwenye kitambaa, na anayejifunza hana nguvu za kupoteza hivyo. Ukisimama kwenye kina, inapanda na kuelea kifuani kama puto. Ukitoka, inakugandama na kuchora kila ulichotaka kuficha; ikiwa nyeupe ndiyo usiseme. Tena mabwawa mengi huzikataa nguo za pamba kwa sababu nyuzi zake hunyonyoka na kuziba vichujio. Wifi alitaka kukusitiri, kumbe angekuvua mbele za watu.

Kujisitiri kwenyewe sikupingi hata kidogo. Ila jisitiri kwa nguo iliyoshonwa kwa ajili ya maji. Lipo vazi la kipande kimoja lenye miguu inayoshuka hadi karibu na goti, na kwako ningeanza na hilo: linafunika mapaja na pia linazuia yasisuguane ukatoka na michubuko. Kovu halina hoja, kipande kimoja chochote kinalifunika. Ukitaka zaidi, ziko fulana za kuogelea za mikono mirefu, na iko burkini, iliyobuniwa na Aheda Zanetti wa Australia mwaka 2004, inayoacha wazi uso, viganja na nyayo tu. Lakini ulizia kanuni za bwawa lenu kabla ya kutoa pesa. Nguo hiyo imewahi kuwafikisha watu mahakamani: mwaka 2016 miji kadhaa ya Ufaransa iliipiga marufuku ufukweni, na mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikasimamisha marufuku ya mmojawapo. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ikakataa kanuni ya mji wa Grenoble iliyokuwa inairuhusu kwenye mabwawa. Usije ukageuzwa mlangoni na nguo mpya mkononi.

Dukani soma lebo. Poliesta huvumilia klorini. Spandeksi ndiyo inayovutika na kukushika vizuri, ila klorini huila taratibu, kwa hiyo yenye poliesta nyingi itakaa nawe muda mrefu. Halafu usinunue kubwa! Najua mkono utakwenda wenyewe kwenye saizi ya juu, mimi wangu ulikwenda. Nilinunua vazi linalopwaya ili lisinichore. Dukani lilikuwa la heshima kabisa. Siku niliporuka majini, mimi nilifika chini na lenyewe likabaki njiani. Kitambaa kikilowa hulegea, kwa hiyo kikiwa kikavu kikubane kidogo bila kukukata mabegani. Kwenye chumba cha kujaribia inua mikono yote juu, chuchumaa, inama. Kikihama mahali pake, kirudishe.

Kuhusu rangi najua tutabishana, kwa sababu utataka nyeusi au samawati ya kutulia. Samawati nyepesi na nyeupe hupotelea ndani ya maji ya bwawa, na wewe bado hujui kuelea. Chukua rangi ya machungwa inayong'aa, au waridi kali. Wewe unataka watu wasikuone; mimi nataka mwalimu akuone hata ukiwa chini.

Ukitoka, lisuuze kwa maji baridi ya bomba, usilisokote, lianike kivulini.

Mguno wa mume umeniletea mimi niutafsiri, nami siwezi. Huenda ni wivu, huenda ni bei, huenda alikuwa anatazama mpira. Mguno si jibu. Muulize kwa maneno, tena usimwonyeshe picha ya msichana wa tangazo. Livae mwenyewe umwonyeshe. Akiwa na neno la heshima kuhusu imani yenu au utaratibu wa nyumba yenu, mtazungumza na mtachagua refu zaidi. Akiguna tena, basi umelipia masomo, nenda.

Siku ya darasa toka nyumbani ukiwa umelivaa ndani ya nguo zako za kawaida, usihangaike kuvua na kuvaa mbele ya wenzako. Oga kwanza kwa maji ya bomba, kisha jifunge taulo hadi ukingoni, uliache palepale penye ngazi. Hizo hatua chache ndizo zote unazoziogopa. Ukishazama hadi mabegani, hayo mapaja hayana wa kuyatazama. Na benchi mwachie mwenye mafua ya kweli.