Shangazi, niwaambie watu wa chuo kuwa navutiwa na wasichana?

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 19, niko Mombasa, naomba vyuo vya Marekani kupitia Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, na kuna insha ya maneno 650. Mimi navutiwa na wasichana wenzangu. Nikiwa fom tatu barua niliyomwandikia msichana fulani ilishikwa nikasimamishwa shule wiki mbili, nyumbani wakaambiwa tu ni utovu wa nidhamu. Hizo wiki mbili nilikaa na mama nikimsaidia kuuza viazi karai na kumwandikia hesabu. Sasa rafiki yangu aliyeko huko anasema niandike hayo ya barua, ndiyo stori ya kunipa skolashipu. Lakini ami ndiye ananisaidia kujaza fomu na paswedi anayo. Niandike? Na nikinyamaza si nitakuwa nimedanganya?"

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho manake naona ndilo linakukosesha usingizi. Hujamdanganya mtu yeyote. Hakuna chuo kinachokudai umwage maisha yako yote kwenye insha moja, wenzako wanaandika kuhusu mpira na nyanya zao na hakuna anayewauliza wanampenda nani.

Na watu wa chuo hawatashtuka ukiandika, hilo ondoa wasiwasi. Chuo cha Elmhurst kule Illinois waliweka swali la kama unavutiwa na jinsia yako kwenye fomu yao mwaka 2011, la hiari, kwa hiyo ni kitu wanakisoma kila mwaka. Isipokuwa vipo vyuo vya dini, mfano Brigham Young kule Utah, kanuni zao zinakataza wanafunzi uhusiano wa kimapenzi wa jinsia moja, hivyo soma kanuni za chuo kabla hujalipa hata senti ya maombi.

Huyo rafiki yako namshangaa kidogo. Pesa kubwa za vyuo kama Amherst au Princeton zinatolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, yaani mapato ya nyumbani, sio kwa kuangalia nani ameteseka zaidi. Na hizo karatasi za mapato nani atazijaza? Si huyo huyo ami na wazazi wako.

Mimi simwogopi yule mzungu atakayesoma insha, namwogopa atakayeisoma kabla yake. Ami ana paswedi, akiingia siku moja kurekebisha tarehe ya kuzaliwa anakutana na maisha yako yote hapo, na wewe unalala kwao, unakula kwao na nauli ni yao. Tena kuna kitu wengi hawakijui, vyuo vingine vikimkubali mtoto vinamwandikia kijikaratasi kwa mkono kuhusu insha yake, kinaletwa pamoja na barua, na barua ikifika nyumbani kwenu itasomwa na ukoo mzima huku watu wanapiga vigelegele. Sijataja hata kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, kile kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, manake kwako naona hatari ya sebuleni iko karibu kuliko ya kortini.

Kwa hivyo mwaka huu, ukiwa bado uko chini ya dari yao, mimi nasema usiandike. Andika zile wiki mbili na mamako! Msichana katolewa shule ghafla, anakaa kwenye karai na daftari anahesabu viazi, mafuta na mkaa, hapo mtu anakuona ulivyo bila kujua barua ilikwenda kwa nani. Ingekuwa stori yako haisimami bila hilo jambo ningekuambia tofauti, labda usubiri mpaka uwe na kwako, lakini hii inasimama, tena vizuri tu.

Kuna kitu hukuniuliza na ndicho kinanisumbua zaidi, huko kusimamishwa. Common App waliliondoa swali la nidhamu kwenye fomu ya wote tangu msimu wa 2021, lakini chuo kimoja kimoja bado kinaweza kuuliza kwenye maswali yake. Kikiuliza usifiche, hapo ndipo uongo unapoweza kukunyang'anya nafasi hata baada ya kuipata. Jibu kwa ufupi: nilisimamishwa wiki mbili kwa sababu ya barua binafsi, nikarudi, nikamaliza. Jina na jinsia ya uliyemwandikia hawajakuuliza. Pia shule yako inatuma ripoti na walimu wanatuma barua za kukupendekeza ambazo kwa kawaida unatia saini kwamba hutaziona, basi mchague mwalimu unayemwamini kwa moyo wote, na umuulize uso kwa uso kama ataligusa jambo hilo. Akianza kuzungukazunguka tafuta mwingine, hata kama yule ndiye alikufundisha hesabu ukapata A.

Hiyo paswedi ibadilishe sasa, na barua pepe ya akaunti iwe ile unayoifungua kwa simu yako peke yako, sio laptopu ya ami. Akiuliza mwambie unatia saini kwamba kazi yote ni yako mwenyewe, na ni kweli unatia. Ukifika huko salama, ukataka kumwambia mtu, utamwambia siku unayotaka wewe. Kama unaomba mapema, vyuo vingi vinafunga tarehe 1 Novemba, kwa hivyo huyo mwalimu mtafute wiki hii.