Mpenzi Yuko Mlimani, Wivu Uko Chumbani

Hapa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, tuna wivu wa aina yake. Mpenzi anaongoza wageni, amepanda kwa njia ya Machame, na kwa siku sita au saba unabaki na simu mkononi. Ikifika usiku wa tatu usingizi umekwisha. Umeshakagua mara ya mwisho alipokuwa hewani, umeshachungulia status za rafiki zake, na sasa unataka kufunga ili Mungu "akufunulie". Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kabla ya kwenda rohoni, ujue mlima. Mtandao huko unakamata na kupotea, na baridi inamaliza betri haraka hata kama simu ilitoka imejaa. Usiku wa kilele wengi huondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu saa sita usiku, wakafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri au asubuhi, kisha siku hiyohiyo wakaanza kushuka njia ya Mweka. Kimya cha siku hiyo si ushahidi wa chochote. Kwa hiyo kabla hajaondoka muulize ratiba: njia gani, kambi zipi, anashuka lini. Iandike. Mkubaliane atapiga akifika geti la Mweka. Ahadi ya kupiga kila jioni msiwekeane, maana itavunjika tu, na kila ikivunjika wivu unapata chakula.

Kuchungulia simu kunatuliza dakika chache, kisha moyo unawaka upya. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, ufiche muda wako wa kuonekana hewani. Ukiuficha wako, wa wenzako nao huuoni, na hiyo ndiyo faida unayoitafuta. Usiku simu ilale chumba kingine.

Wivu ukipanda, chukua daftari uandike mistari mitatu. Nimeona: hajajibu tangu saa mbili. Nimedhani: yuko na mgeni wa kike. Nahofia: nitaachwa kama nilivyoachwa zamani. Wengi wanauombea mstari wa pili, wanamgeuza Mungu mpelelezi. Unaostahili sala ni wa tatu, kwa sababu ndio wako, na ndio unaoweza kuponywa hata kama yeye hajabadilika kitu.

Mtu mwenye njaa na asiyelala ataota tu, na ataota kile anachokiogopa. Usifunge ili uoneshwe ndoto. Kwa Muislamu, istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo, ni rakaa mbili zisizo za faradhi pamoja na dua yake, kwa jambo unalotaka kuliamua. Kuota si sharti. Kwa Mkatoliki, Mtakatifu Ignasi wa Loyola alifundisha kwamba roho ikiwa gizani usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na utulivu. Kwa hiyo ule ujumbe wa "tuachane" wa saa nane usiku usiutume.

Anayekuuzia mafuta au dawa ya kumfunga mpenzi, mkwepe. Atakuelezea "mwanamke mweupe jirani yako", nawe uanze kumchukia mtu asiye na kosa.

Kuna jambo lingine, na hili linahitaji ujasiri. Akipiga, mkazungumza vizuri, ukakata simu, na bado unahisi utupu, basi utupu huo si wake. Hata angelala pembeni yako kila siku asingeujaza, na ukimdai aujaze utamchosha bure. Huo upelekee Mungu bila jina la mpenzi ndani yake. Rudi kwenye jumuiya, kwaya au darsa, nenda ukawaone wagonjwa, na usikatishe hata wiki ambazo hujisikii.

Akishuka, mwache aoge, ale, alale usiku mmoja. Ndipo useme: "Siku zile ulipokuwa hupatikani niliogopa. Nisaidie nielewe." Uliza mara moja, kisha sikiliza mpaka amalize. Akinuna, mpe muda, mtaongea kesho yake. Akikupiga au kukutishia, hayo si ya kuyaombea kimya chumbani: nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, tena usiende peke yako.