Nimepunguzwa tumbo, ofisini wanasema naringa

Shangazi shikamoo. Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani mfuko wa chakula, miezi 3 iliyopita, nimerudi kazini Mtumba, Dodoma, mchana wenzangu wanaagiza ugali wa uwele na mlenda mimi vijiko vinne nishashiba, wanasema naringa. Juzi nimekunywa soda jasho likanitoka, moyo mbio, nikalalia meza. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Soda achana nayo, sukari yake inashuka chapu kwenye utumbo ndo maana ukawa vile. Anza na yai, samaki au kuku, ugali uje mwisho kama nafasi ipo, maji usichanganye na chakula, subiri kama nusu saa, ila chupa iwe karibu maana jua la Dodoma unalijua mwenyewe. Vitamini ulizoandikiwa, B12 hasa, usiache hata ukijiona mzima. Hao wenzio waambie daktari kakupangia, basi, hawakudai maelezo mengine. Mimi ningebeba kihotipoti changu nikatafuna taratibu. Ukianza kutapikatapika rudi kwa daktari wako.